Ubavu wa Baba Uliotangulia Kaburini

Kinachonirudisha Kisarawe siku hizi ni harufu ya spiriti. Binti yangu hunisafisha kidonda kila asubuhi hapa nyumbani kwake Kibaha, na akifungua tu kile kichupa, pua yangu inaondoka. Inaniacha kitandani na mshono wangu katikati ya kifua, yenyewe inakwenda kukaa kwenye chumba cha wazazi wangu, chumba cha udongo chenye dirisha dogo, ambako spiriti, pamba, pilipili manga na jasho la mwanamume anayelala mchana vilichanganyika hadi mtu usijue kipi ni kipi. Ninyi wenzangu mliokulia kwenye mwanga wa koroboi mnakijua chumba cha mgonjwa cha enzi zile. Mimi nilikionea aibu chumba kile, na sitasema uongo kwamba aibu yenyewe imekwisha.

Baba yangu aliitwa Kibwana, mkwezi wa minazi. Nyumba yetu ilikuwa mteremkoni, chini kidogo ya ofisi za serikali ya Waingereza, na minazi aliyoikwea ilikuwa ya watu. Mnakumbuka vyoo vyetu vilikuwa vya makuti, havina paa, na mtu aliye juu ya mnazi aliona mpaka asichotakiwa kukiona. Kwa hiyo mkwezi mwenye adabu alipiga kelele kwanza. Baba alisimama chini ya mnazi, panga kiunoni, kamba miguuni, akaita, "Napandaaa!" Wanawake waliokuwa wakioga walijifunga kanga zao, na wengine wakamjibu kwa matusi ya utani. Akifika juu hakunyamaza. Aliwatangazia watu ni mbuzi wa nani kaingia kwenye muhogo, na ni mtoto wa nani kajificha nyuma ya jiko ili asiende chuoni kusoma Kurani. Mara nyingi mtoto huyo alikuwa mimi. Hata hivyo niliipenda sauti ile, na nilipenda watu wajue ni ya baba yangu.

Kisha akaumwa kichomi. Kilianza kwa kikohozi na baridi ya kutetemeka, tukadhani homa tu. Dawa za majani hazikukitoa, mafusho hayakukitoa, akawa hawezi kuvuta pumzi bila kushika ubavu wake wa kushoto. Mwishowe shangazi, dada yake mkubwa, alimpakia kwenye lori la mkaa wakateremka naye mjini hospitali. Shangazi alikuwa mwanamke wa kuamua. Mama yangu alibaki nyumbani na mimi na shamba, akawa hali chakula kikapita.

Yaliyotokea huko nimeyajua kwa kuyasikia mara nyingi kuliko hadithi yoyote ya utotoni mwangu. Kifua cha baba kilikuwa kimejaa usaha upande wa kushoto. Walimchoma sindano ya ganzi, wakapasua ubavuni, wakakata kipande cha ubavu kupata njia, wakatia mpira ulioteremka hadi kwenye chupa chini ya kitanda. Ganzi ilizuia maumivu, haikumlaza. Alisikia kila kitu. Alisikia mfupa ukikatwa, na alisikia, au aliamini amesikia, mkono wa daktari ukiingia ndani na kuugusa moyo wake.

"Waliushika," alikuwa akituambia. "Niliusikia unasita mkononi mwake, kama ndege ukimfumba kiganjani."

Wiki ileile, kwenye wodi ya wanawake, alipasuliwa vivyo hivyo mwanamke mmoja wa Gwata, Bi Tatu. Shangazi alimjua kwa kuwa ndugu zake Bi Tatu na yeye walipika jiko moja nje ya hospitali, kila mmoja akimpikia mgonjwa wake. Ubavu wake nao ulikatwa, naye mpira alitiwa. Shangazi akirudi kutoka kumwona alisema yule mama haachi kucheka, na alilisema hilo kama ugonjwa wa pili.

Siku baba aliporuhusiwa, shangazi alimfuata dresa, yule msaidizi wa daktari, akamdai mfupa. Dresa alishangaa, lakini shangazi hakuwa mtu wa kukataliwa. Kwetu kipande cha mtu hakiachwi kwa wageni. Jino la mtoto lina mahali pake, kitovu kina mahali pake, sembuse mfupa wa ubavu wa mtu mwenye maadui. Wakampa, umefungwa kwenye pamba. Akaupakata kwenye lori mpaka Kisarawe.

Mwalimu wetu wa chuo alipoulizwa alisema ni vema uzikwe, popote palipo safi, bila sala wala shughuli, maana mwenyewe yu hai. Laiti shangazi angeishia kwenye "popote palipo safi." Yeye alitaka kumtendea mdogo wake jambo kubwa. Akachana kipande cha bafta nyeupe, akaufunga mfupa kama maiti, akauzika makaburini kando ya babu, akafanya na tuta dogo, akachomeka na kijiti upande wa kichwani. Alifanya yote hayo kwa mapenzi. Nilikuwepo, nimeshika ndoo ya maji ya kunyunyizia. Hakuna aliyeniambia ndani ya kitambaa kuna nini, na mtoto hakuuliza mambo ya makaburini.

Lakini nilikuwa na masikio. Nilikuwa nimemsikia baba akisema moyo wake umeshikwa na mkono wa mtu. Sasa naona kitu kidogo kimefungwa sanda, kinazikwa, na wakubwa wana nyuso za msiba. Nikajumlisha mwenyewe. Nikajua kwamba tumeuzika moyo wa baba, na kwamba yule aliyelala chumbani anaishi hivyohivyo, bila moyo.

Na kwa kweli aliishi kama mtu asiye nao. Daktari alikuwa amesema apumzike siku chache, kisha atembee, anyanyue mkono wa kushoto kila siku, avute pumzi ndefu. Shangazi aliyabeba maneno hayo toka mjini, lakini njiani yakamdondoka yote isipokuwa "apumzike." Na mapumziko ya mwili uliofunguliwa nyumbani kwetu yalikuwa yanajulikana ya aina moja tu, ya mzazi. Basi baba akawekwa uzazini. Alikandwa kwa maji ya moto. Alipikiwa uji wa pilipili manga asubuhi na jioni. Alifungwa nguo tumboni, akakatazwa upepo, akakatazwa kizingiti. Mama alinung'unika kwamba mbona daktari alisema atembee, wifi yake akamjibu, "Daktari anatibu wangapi kwa siku? Mimi nina ndugu huyu mmoja."

Arobaini ikapita, hakutoka. Mama akimsihi asimame, jibu lilikuwa moja.

"Kesho."

"Jana ulisema kesho, bwana."

"Mke wangu, wewe hukushikwa moyo. Ukishaguswa haukai tena. Nikisimama ghafla utashuka." Akishasema hivyo aliugeukia ukuta. "Na mwenzenu nimeshazikwa nusu. Mnaniambia nitembee niende wapi?"

Alilala kwa ubavu uleule uliopasuliwa, mkono wa kushoto ameubana kwapani kama aliyeficha yai. Kidonda kilikuwa kimefunga zamani. Usaha ulikwisha, homa ilikwisha, hata kikohozi kilibaki kidogo tu. Mwili ulikuwa umemaliza kazi yake, unamsubiri mwenyewe. Naye alizidi kukonda, na mama akaanza kulia jikoni akisingizia moshi. Nilijua tunamsubiri afe. Hakuna aliyelitamka, ila shangazi alianza kuniita "maskini mwanangu" bila sababu.

Kijiji nacho kina midomo. Mwanzoni watu waliuliza, "Mgonjwa hajambo?" Baadaye nikapita kisimani nikasikia, "Mzazi wenu hajambo? Mmempa jina gani mtoto?" Wanawake walewale aliokuwa akiwapigia kelele wajifunge kanga ndio waliocheka zaidi. Nilitamani baba awe mgonjwa wa kuonekana, avimbe, atoke damu, chochote ambacho ningeweza kuwaonyesha. Na siku nyingine, Mungu ananijua, nilitamani yaishe tu kwa vyovyote vile. Mkwezi mwingine alikuwa amekwisha kuitwa kwenye minazi ya baba. Alipanda kimya, hajui hata kuita, na kila mara nilisikia wanawake wakimtukana matusi ya kweli.

Mambo yalikuwa hapo alipokuja Bi Tatu.

Alifika asubuhi jua likianza kukaza, kikapu cha mchele wa bonde la Ruvu kichwani, amekishika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto! Nilimjua kabla hajasema jina, maana shangazi alitusimulia habari za pengo lake la meno. Mama alikuwa ukumbini anamenya muhogo. Nikampokea kikapu, kikanielemea nusura nianguke.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Huyu ndiye wa kaka Kibwana? Macho yaleyale." Akaketi mkekani, akapepewa, akapewa maji. "Nimepita kwa ndugu zangu mjini, nikasema sitarudi Gwata bila kumwona mgonjwa mwenzangu. Yu wapi? Juu ya mnazi?"

Nikamtazama mama. Mama akautazama muhogo wake.

"Ametoka kidogo," mama akasema. "Kaenda shamba."

Na hapohapo, nyuma ya pazia la kaniki, baba akakohoa.

Nilitazama miguu yangu, na joto la aibu lilinipanda toka shingoni mpaka kwenye nywele. Mama aliendelea kumenya muhogo uliokwisha kumenywa. Angalau Bi Tatu angejifanya hakusikia, kama watu wenye huruma wanavyofanya. Yeye alicheka, akainuka, akasema "Hodi!" kwa sauti ya kuamsha nyumba, akainua pazia akaingia. Mimi na mama tulimfuata, maana kubaki nje ilikuwa aibu zaidi.

"Kaka, shamba lenu lina giza," akamwambia.

Baba alijifunika shuka mpaka kidevuni. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa vile. "Dada Tatu," akasema, "nisamehe. Sijapona mie."

"Kinauma wapi?"

"Hakiumi."

"Homa?"

"Hakuna homa. Dada, mimi walinishika moyo."

"Hata mie huenda walinishika. Niliwaambia toeni uchafu wote, mkimaliza mnishone nikalime." Akaketi ukingoni mwa kitanda, kitanda kikalia. "Mie nilikuwa na jipu, kaka. Jipu la ndani, basi. Jipu likishakamuliwa unalilia nini?"

Baba akauliza kwa sauti ndogo swali ambalo naamini alilala nalo miezi yote ile. "Ubavu wako mliuzika wapi?"

"Ubavu gani?"

"Ule waliokukata."

Bi Tatu alifikiri kwa kweli, akajikuna. "Sijui. Sikuuliza. Walikoutupa wanajua wao."

Naona mpaka leo baba alivyomtazama. Walipasuliwa kwa kisu kimoja wiki moja, huyu kabeba mchele toka kituo cha malori, na yeye hajavuka kizingiti chake. Kwake yeye mwanamke huyu alikuwa mjinga asiyejua lililompata. Alijaribu kumweleza. Bi Tatu alisikiliza, akaitikia, akala muhogo wa kuchemsha na chai, akasimulia habari za panya waliovamia mpunga Gwata. Jua lilipopita kichwani akasema anawahi lori.

Akafunga kanga yake, akasimama mlangoni mwa chumba.

"Haya kaka. Hunisindikizi?"

Sijui kama alikusudia. Nimelifikiria swali hilo maisha yangu yote na bado sijui. Kwetu mtu anaweza kushindwa kumlisha mgeni akasamehewa, maana hali za watu zinajulikana. Lakini mgeni aliyetoka mbali, amekuja kukujulia hali, umwache aende njia peke yake na mwenyeji yumo ndani, hilo halikuwa na pa kulificha. Mama aliruka, "Nakusindikiza mimi, dada," lakini Bi Tatu hakusogea. Alimngoja mwenye nyumba.

Baba aliteremsha mguu mmoja. Akasita, akisikiliza ndani ya kifua chake. Akateremsha wa pili. Alivaa kanzu kwa mkono mmoja, mama akimsaidia. Tulipovuka kizingiti alifumba macho kwa jua. Shangazi alikuwa anakuja kwa nyuma ya nyumba na sufuria ya uji, akatuona, akasimama palepale kama aliyeona jini.

Tulikwenda taratibu, Bi Tatu mbele akizungumza bila kugeuka, baba nyuma ameegemea bega langu. Watu walitoka kutazama. Kicheko cha kisimani hakikusikika siku ile, na kimya kile kilinitia aibu kuliko kicheko. Njia ya kituo cha malori ilipita makaburini. Tulipofika hapo Bi Tatu alisema, "Hapa panatosha kaka, rudi. Salamu kwa dada yako," akaenda zake, kikapu kitupu kichwani. Hata hakutazama pembeni.

Baba alibaki amesimama. Kisha akaacha njia, akaingia kati ya makaburi, akafika kwa babu. Akatafuta. Mvua zilikuwa zimenyesha, mbuzi walikuwa wamepita, hapakuwa na tuta wala kijiti.

"Liko wapi?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Mimi nilipajua. Nikachuchumaa nikaweka kiganja. "Hapa, baba. Moyo wako uko hapa."

"Nini changu?"

"Moyo. Tuliuzika na shangazi. Mimi nilishika ndoo."

Alinitazama. Nilidhani atanichapa kwa kutaja yasiyotajwa. Kisha alishuka chini kwa shida, akakaa kwenye nyasi, akanivuta akaniweka sikio kifuani, upande uleule wa kushoto alioukataza kuguswa hata na mama. Nikasikia. Ulikuwa unagonga kwa nguvu, maana alikuwa amechoka.

"Unasikia nini?"

"Unagonga."

"Uko wapi?"

"Umo ndani."

"Umo ndani," akasema baba. Akarudia tena, taratibu, kama anayesomeshwa. "Umo ndani. Haukutoka." Nikahisi kifua chake kinatikisika, nikadhani anacheka. Nilipoinua kichwa nikaona analia, mchana kweupe, mahali watu wanapita, na mimi nikaangalia huku na huku nisije nikaonekana naye.

Hakufa. Toka siku ile alitoka nje, akanenepa, akarudisha sauti yake. Ningependa niishie hapo. Lakini mkono alioubana miezi yote ile ulikuwa umekwisha kuganda begani. Shangazi aliukanda kwa mafuta ya nazi mpaka akalia yeye, haukupanda kuliko kifua. Mnazi hukwewa kwa mikono miwili. Baba aliishi miaka mingi sana akifua nazi za wakwezi wengine, amekaa chini mbele ya kifuo, ule mti wenye ncha uliochimbiwa ardhini, akizishindilia kwa mkono mmoja na kuzishikilia kwa mwingine. Msikitini alipofunga sala, mkono wa kulia ulipanda sikioni na wa kushoto ukabaki njiani, na wageni walidhani ni uvivu wa ibada. Bi Tatu, nilisikia nikiwa mwali, alikuwa bado anatwanga mpunga Gwata.

Niliuonea aibu mkono ule mpaka nikaolewa. Nilijua hakuna aliyemkata baba mkono. Aliulaza mwenyewe, kwa kuamini. Na katika ujeuri wangu nilijiambia kwamba mimi nisingekuwa hivyo.

Sasa mimi ndiye niliyefunguliwa kifua, tena moyo wenyewe umetengenezwa kweli, umeguswa kweli. Daktari, kijana mdogo kama mjukuu wangu, alinionyesha kwenye karatasi mahali walipoushona. "Tembea, bibi," akasema. "Kila siku ongeza kidogo." Nikamwitikia vizuri. Tangu niletwe hapa sijavuka mlango wa chumba. Siogopi kaburi mimi, naogopa uzi. Nikikaa tu nausikia unavutika. Binti yangu akisema, "Mama, tutembee mpaka ukumbini," nina jibu, na siku ya kwanza nililitoa bila kulitambua.

"Kesho."

Jana alikuja Mama Rehema, jirani, tuliyekuwa naye kwenye darsa za wanawake. Amenizidi umri. Nilimsikia ukumbini anaulizia, nikamsikia binti yangu akikawia kidogo kabla ya kujibu.

"Mama kapitiwa na usingizi, bibi."

Aliongea kwa sauti ya chini. Niliijua sauti ile. Ni ya mama yangu, ameshika muhogo uliokwisha kumenywa. Ukumbini alikuwepo mjukuu wangu wa kike pia, na bila kumwona nilijua anatazama miguu yake.

Mtu aliyeshonwa kifua hakohoi ovyo. Walinifundisha niukumbatie mto kwanza. Nikaukumbatia. Nikavuta pumzi, nikakohoa kwa nguvu zangu zote, mara ya kwanza kwa kukusudia na mara ya pili kwa maumivu.

Mama Rehema akaingia, binti yangu nyuma yake uso umemwiva. Tulizungumza mpaka adhuhuri. Alipoaga alinishika bega akasema nisijisumbue, nilale tu.

Niliteremsha mguu mmoja. Nikasikiliza. Ulikuwa unagonga.

"Niletee viatu," nikamwambia mjukuu wangu. "Namsindikiza mgeni."